Nilivyoifuata Njia ya Bi Tunu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa kwenye benchi la wageni, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba makarani huingia kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimeteremka kutoka Taita na cheti cha kupiga taipu na viatu vya kuazima kwa dada yangu. Ofisi ilikuwa ya wakili, ghorofa ya kwanza, mwendo mfupi kutoka Bondeni, Mombasa. Benchini walikuwapo wanawake wawili wenye mabuibui, mmoja kila upande wangu, wote wanajifuta machozi. Nikadhani ni ndugu.

"Nawe umefiwa, mwanangu?" akaniuliza yule wa kulia.

"La, mama. Nimekuja kuanza kazi."

"Mimi nimeondokewa na mume wangu. Akiendesha winchi bandarini. Hamisi Mabavu, watu wote wamjua."

Yule wa kushoto akageuza shingo polepole. "Hamisi Mabavu ni mume wangu mimi," akasema. "Mwaka wa kumi na nane huu."

Nilibaki katikati yao kama kabati. Sikujua nimtazame nani. Mlango ukafunguka, akatoka Karani Mkuu, mzee wa Kigoa, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Akatutazama sote watatu, akaelewa mara moja, akaniambia, "Wewe ndiye Wakesho? Inuka hapo. Umekwisha kuanza kazi."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kutafuta ndugu, na nikaifanya hadi nilipostaafu. Vijana wa siku hizi wakinisikia hudhani nilikuwa polisi. Sikuwa. Mtu akifa na kuacha nyumba au shamba, mahakama hutaka kujua warithi wake wote, si wale tu walio karibu na wenye sauti kubwa. Wakili huandaa hati ya kiapo, yaani maelezo ambayo mtu huapa mbele ya afisa wa viapo kwamba ni kweli. Lakini wakili mwenyewe hawezi kuzunguka majumbani akiuliza nani alimzaa nani. Huko hutumwa karani. Nilikuwa nikirudi na shajara, mchoro wa ukoo wenye baba, mama, watoto na wajukuu, nasi tukaufunga ndani ya jalada.

Karani Mkuu alinifundisha kuchora shajara kwa penseli. Jina liliwekwa wino pale tu watu wawili wasiojuana walipolitaja namna moja. Alinifundisha pia kuanza na wanawake. "Mwanamume atakutajia mashamba," aliniambia. "Muulize dada yake ndipo utajua watoto walikuwa wangapi." Juu yake alikuwako Wakili Mkuu, mtu wa Mji wa Kale, aliyevaa suti siku zote isipokuwa Ijumaa, siku ya kanzu. Hakuingia katika neno lolote la kazi kabla ya kukuuliza hali yako, ya wazazi wako na ya safari yako, hata kama safari yenyewe ilikuwa ya kutoka meza ya pili.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa tawi la Voi, chini ya Meneja wa Tawi aliyewahi kuwa mwanajeshi na aliyetaka majalada yasimame mstari kama kikosi. Voi ndiko nilikojifunza siri ya miji ya reli. Karibu katika kila mji ambako gari la moshi lilisimama palikuwa na mtaa wa Waislamu waliotangulia kutoka pwani, mafundi, wapishi, wachuuzi, na mara nyingi mtaa huo uliitwa Majengo. Ukitaka habari za mtu wa Mombasa aliyepotelea bara, hukuanza na ofisi. Ulianza na msikiti wa Majengo na wazee wake. Kutoka Voi nikapelekwa Nakuru, nikakaa miaka mitano, meneja wangu akiwa mama mmoja mkali ambaye hakuwahi kunisifu na ambaye nililia nilipoagana naye. Karani Mkuu alipostaafu nikarudishwa Mombasa kushika kiti chake.

Nilikuwa nimekishika kiti hicho muda mrefu, mvi zimeanza, Wakili Mkuu tayari anatembelea mkongojo, ndipo lilipokuja jalada la Bi Rukia.

Bi Rukia alikuwa amepita miaka sabini, mjane, asiye na mtoto aliye hai. Aliishi Mji wa Kale katika nyumba ya mawe ya matumbawe, ghorofa mbili, ukuta mmoja una ufa ambao mkono mzima uliingia. Boriti za dari zilishikiliwa na magogo. Maafisa walikuwa wamepaka alama nyekundu kando ya mlango, maana yake nyumba ni hatari, itengenezwe au watu watoke. Bi Rukia hakutaka kutoka. Fundi naye hangeweza kugusa jiwe bila saini ya mwenye nyumba, na hati ya nyumba ilikuwa bado na jina la Athmani, baba yake nyanya yake, mtu ambaye hakuna aliye hai aliyewahi kumwona.

Nilimwendea asubuhi. Nikapiga hodi, tukaamkiana, akanipa kahawa, nikatoa penseli.

"Athmani alikuwa seremala," aliniambia, mgongo umenyooka kama wa msichana. "Reli ilipokuwa bado mpya alipata kazi huko juu, akenda na mkewe na watoto wawili wa kiume. Mtoto wao mkubwa, Mwanaisha, ndiye nyanya yangu alomvyaa baba. Yeye aliachwa hapa kwa bibi yake, mama yake Athmani. Ana miaka saba. Hawa wetu ndio walofungua bara, mwanangu. Kabla yao kulikuwa na nini huko?"

Mimi ni mtu wa bara. Nikaandika.

"Na mama yake nyanya, jina lake nani?"

"Bi Tunu. Mwamu. Mtoto wa watu wakubwa huko Lamu. Nasaba yetu haina doa, andika hivyo."

"Na waliokwenda bara, walirudi?"

"Walikufa wote na ndui, baba, mama na wale wavulana. Nyanya aliambiwa na bibi yake angali mdogo. Kila Ijumaa mimi nawasomea Fatiha, na huyo bibi alomlea nyanya namsomea ya kwake peke yake."

Wakili Mkuu alipolisoma jalada alinionya. "Bi Wakesho, ikiwa wale watoto wa kiume waliacha kizazi, sheria ya mirathi itawapa sehemu kubwa ya nyumba ile. Mweleze kabla hujaondoka. Kisha wafuate kituo kwa kituo, na uende kwa upole. Hii ni familia ya waanzilishi."

Nilimweleza. Bi Rukia akacheka. "Nenda ukalete karatasi ya makaburi," akasema. "Hakuna mtu huko."

Voi hawakuwajua. Makindu, mzee aliyetunza msikiti alinipeleka nyuma ya Majengo, akafyeka nyasi kwa fimbo yake, akanionyesha jiwe lenye herufi za Kiarabu. Akanisomea: Athmani, seremala wa Mvita. Alikuwa amekufa kwa homa kabla ya kumaliza hata mwaka mmoja safarini.

Nilisimama pale na penseli mkononi nisijue niandike nini. Huyu mtu aliyefungua bara hakufika hata Nairobi.

"Na mkewe? Na watoto?"

"Ah, huyo mjane," mzee akasema. "Babangu alisimulia habari zake hadi alipokufa. Waumini walimtafutia nafasi arudi kwao Mombasa. Alikaa stesheni siku nyingi akingoja barua kutoka huko. Barua ikaja, akasomewa. Hakulia, alisema babangu. Alikaa tu kimya mpaka gari la kwenda Mombasa likaja likaondoka. La kutoka Mombasa lilipofika, akapanda hilo, na wanawe wawili, akaelekea juu. Babangu ndiye aliyembebea kasha."

"Aliendea nini huko juu, mwanamke wa Lamu peke yake?"

"Hata sisi tulijiuliza."

Nairobi sikupata chochote, mtaa wenyewe ulishavunjwa. Nakuru nikaenda moja kwa moja kwa Mama Zainabu, mwanamke mzee wa Majengo ambaye kwa miaka mitano ya kazi yangu pale nilinunua vitumbua mlangoni pake kila Jumamosi. Nilimtajia Bi Tunu bila matumaini.

"Bi Tunu mjane wa seremala?" akasema. "Lakini huyo ndiye aliyemfundisha mama yangu vitumbua."

Nilishtuka hata nikaweka kikombe chini. Miaka mitano nimesimama mlangoni pale. Mama Zainabu akaendelea kana kwamba hajasema kitu. Bi Tunu alikaa Nakuru miaka kadhaa, akauza vitumbua stesheni, akakataa wachumba watatu. Kila msafiri aliyetoka magharibi alimuuliza habari za mto mmoja.

"Mto gani?"

"Nzoia. Mama alisema alikuwa akilitaja jina hilo peke yake, kama mtu anayejaribu ufunguo. Siku aliyokutana na mtu anayeujua, alifunga vitu vyake kesho yake."

Nilipiga simu Mombasa kutoka kibanda cha simu. Wakili Mkuu akasikiliza hadi mwisho. "Mwamu ataujuaje mto Nzoia?" akauliza. Kisha akasema, "Endelea."

Mumias niliingia saa sita mchana, vumbi la miwa hadi kwenye kope. Wazee wa Majengo hawakufikiria hata kidogo. Ukoo wa Athmani seremala? Wakanielekeza nje ya mji, kwenye boma kubwa linaloteremkia mtoni. Mto wenyewe ulikuwa Nzoia, maji mazito ya rangi ya udongo.

Mwenye boma alikuwa Mzee Juma, umri wa miaka themanini na ushei, mtoto wa mmoja wa wale wavulana wawili waliosemekana kufa na ndui. Alikuwa na kofia nyeupe na macho makali. Binti yake alileta maji, mzee akamwita, "Mwanaisha, ongeza kiti kimoja."

Penseli yangu ilisimama. "Jina hilo mmelipata wapi, baba?"

"Hilo? Hilo la shangazi yangu. Katika kila kizazi lazima tumpe msichana mmoja. Alikufa mtoto huko Mombasa, sisi hatukumjua."

Nilimwomba anisimulie habari za nyanya yake tangu mwanzo, nami nikaanza kuandika.

"Nyanya hakuwa wa Lamu," alisema Mzee Juma. "Nani amekuambia hivyo? Nyanya alikuwa wa hapa. Jina lake Nekesa. Alikuwa na miaka kama saba, ameenda kuteka maji pale chini, unapaona? Watu wa msafara wakamchukua. Alitembea kwa miguu hadi baharini. Mombasa akanunuliwa na mama mmoja tajiri, akapewa jina la Tunu, akawa mtumwa wa nyumbani. Alipokua, mtoto wa kiume wa nyumba ile, huyo Athmani, akampenda, akamwacha huru, akamwoa. Mama mtu hakumsamehe hata siku moja."

Sauti ya jogoo ilisikika, na maji, na mimi nikipumua. Nilikuwa nimefuata familia iliyosemwa imekwenda kufungua nchi ngeni. Mwanamke yule alikuwa anarudi kwao. Vituo vyote vile, miaka yote ile ya vitumbua, alikuwa akiitafuta njia aliyopitishwa akiwa mtoto, na hakuwa na ramani ila jina la mto.

"Reli ilipofika alimsihi mumewe ampeleke," akaendelea mzee. "Athmani akatafuta kazi kwa ajili hiyo. Mama yake akasema, nendeni, lakini msichana atabaki, ili mwanangu arudi. Kwa hiyo nyanya alimwacha Mwanaisha. Wa miaka saba naye."

"Na Athmani alipokufa?"

"Alituma barua kutoka Makindu kwenda Mombasa, kwamba anarudi kumchukua mtoto wake. Jibu lake tunalo."

Akaagiza, kikaletwa kifurushi cha kaniki, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo imekatika. Herufi zilikuwa za Kiarabu, mimi sizisomi. Mzee Juma hakuitazama. Alifumba macho akaisema kwa moyo, kama walivyofundishwa wote katika boma lile.

"Tunu. Mwanao Mwanaisha amefariki kwa ndui. Hakuna lako lililobaki huku. Usirudi."

Nilijua nyuso mbili ambazo hazikujuana, ya Bi Rukia na ya huyu mzee, na nilikuwa mimi peke yangu duniani niliyezijua zote mbili. Karani hufundishwa kuandika, hafundishwi kusema. Lakini singeweza kuondoka pale na jambo lile kifuani.

"Baba," nikasema, "Mwanaisha hakufa."

"Nini?"

"Shangazi yako hakufa kwa ndui. Alikua. Aliolewa. Alizaa watoto watano, akafa mzee, ndani ya nyumba ileile aliyoachwa. Mjukuu wake ndiye aliyenituma."

Mzee Juma akasimama. Akakaa. Akavua kofia, akaishika magotini kwa mikono miwili. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akanitaka nirudie mara ya tatu, polepole, kisha akapaza sauti kuita boma zima, na watu wakaja mbio wakidhani mzee ameanguka. Akaninyooshea mkono. "Waambie. Waambie wao pia." Mama mmoja akapiga yowe la msiba, mwingine akapiga kigelegele, wakatazamana hawajui lililo sahihi.

"Nyanya yangu," alisema Mzee Juma baadaye, tulipobaki wawili, "alisoma khitma ya mtoto aliye hai maisha yake yote."

Mombasa nilimweleza Wakili Mkuu kwanza. Alisikiliza huku ameshika mkongojo kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa mji ule, alijua neno mtumwa linavyoweza kuvunja posa na kufunga milango hata leo. "Kwenye kiapo andika Bi Tunu, mke wa Athmani, basi," akaniambia. "Kule alikotoka, mahakama haihitaji kujua. Mama wa watu ni mzee."

"Ataniuliza, bwana."

"Akiuliza, usimdanganye. Asipouliza, nyamaza."

Bi Rukia aliuliza. Nilimweleza kwamba Athmani alikufa Makindu, kwamba wavulana waliishi, kwamba wana wajukuu na vitukuu, akapokea kwa utulivu. Nikamwona anaihesabu nyumba moyoni kwamba imekwenda, na hata hilo alilimeza. Kisha akasema, "Lakini walifuata nini huko mbali, na mume amekufa?" Nikamwambia yote, na barua ile pia.

Kikombe kilimponyoka, kahawa ikamwagika mkekani. Hakukiokota.

"Mtumwa?" akasema. "Wasema nyanya yangu alivyaliwa na mtumwa?"

"Alikuwa ameshaachwa huru, mama. Aliolewa kwa—"

"Toka." Hakupaza sauti. "Toka nyumbani kwangu, wewe mtu wa bara. Umekwenda kuwaletea watu wako nyumba yangu."

Nilishuka ngazi zile nimeshika ukuta. Katika miaka yote ya kazi nilikuwa nimefukuzwa mara nyingi, na mbwa mara mbili, lakini siku ile nilitembea hadi kwangu Tononoka kwa miguu nisijue nimepita wapi.

Siku nne zikapita. Siku ya tano, asubuhi, mpiga taipu alinijia mbio kwamba kuna mama mzee ngazini amekataa kushikwa mkono. Bi Rukia alikuwa amekuja mwenyewe. Sikuwahi kumwona nje ya mtaa wake. Nilitoka, akakaa kwenye benchi la wageni, nami nikakaa kando yake.

"Niwie radhi kwa maneno yale," akasema.

"Yamekwisha, mama."

"Siku ya kwanza nalifikiri habari ya utumwa tu. Watu watasemaje. Ya pili pia. Ya tatu nikaanza kumfikiri yule mtoto. Nyanya yangu alikuwa na chumba cha juu, dirisha laangalia ndia. Tukimwuliza habari za mamake, husema, 'Mimi sina mama.' Hivyo tu. Hakutaja hata jina, jina twalipata kwa wengine. Mimi nalidhani ni uzee. Kumbe aliambiwa mamake amekufa, na mamake yuko stesheni angoja jibu." Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Na aloyafanya hayo ni yule nimsomeaye Fatiha yake peke yake kila Ijumaa. Hilo ndilo lilonishinda. Mtumwa si yeye alofanya jambo la aibu katika nyumba ile."

Nikasogea karibu naye.

"Nipeleke kwao," akasema.

Tulikwenda mwezi uliofuata, kwa gari la kukodi, tukilala njiani kwa sababu ya magoti yake. Makindu alimsalimu Athmani kaburini, akamlaumu kidogo, kwa sauti ya chini, kwa kukubali kumwacha mtoto. Alipofika bomani Mumias hakuna aliyejua amwamkie vipi. Mzee Juma akatoka na kofia yake, wakatazamana, naye Bi Rukia akashika mdomo. "Huyu ana sura ya baba yangu," akaniambia kwa mnong'ono. "Sura yenyewe hasa, Wakesho." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina.

Walimpeleka kwenye kaburi la Nekesa, mahali pa mwinuko, mto unaonekana. Akaomba aachwe peke yake, lakini hakuweza kushuka chini bila kushikwa, kwa hiyo mimi nilikuwapo. Alisoma dua. Kisha akaanza kuzungumza na kaburi kama mtu aliyetumwa na ujumbe.

"Bi Nekesa. Mimi ni Rukia. Mwanao hakufa. Aliolewa na mtu mwema, fundi wa nguo. Alivyaa wavulana watatu na wasichana wawili. Alipenda embe mbichi na chumvi. Alinisuka nywele. Alikufa usingizini, sisi sote tuko, na mkono wake alikuwa nao babangu." Akaweka kiganja juu ya udongo. "Hakuambiwa kwamba ulimtaka. Hilo naomba radhi kwa niaba ya nyumba."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia, na karani haruhusiwi.

Kuhusu nyumba, Mzee Juma na ndugu zake walikuja Mombasa kuapa. Wangeweza kudai sehemu yao, na wakili wao aliwaambia hivyo waziwazi. Walikubaliana nyumba iandikwe majina ya pande zote mbili na itengenezwe, Bi Rukia akae humo hadi mwisho wake. Sharti lao lilikuwa moja, kwamba jina la nyanya yao liandikwe kama alivyoitwa na wazazi wake. Wakili Mkuu akalisoma kiapo kwa sauti, akafika pale: Nekesa, binti wa mtu wa Nzoia, aliyechukuliwa utumwani na kuitwa Tunu. Akaweka karatasi chini, uso umembadilika.

"Bi Rukia," akasema, "una hakika? Jalada hili litasomwa na watu."

"Na lisomwe," akajibu, akatia saini.

Likasomwa. Binamu yake mmoja aliacha kupita mlangoni kwake. Mpwa wake aliyekuwa ameposewa alirudishiwa posa. Wanawake wawili aliokuwa akisali nao tarawehe kwa miaka mingi walihamia safu nyingine. Haya aliniambia mwenyewe, bila kulalamika, huku mafundi wanakoroga chokaa uani. Wajukuu wa Mzee Juma walikuwa wamekuja likizo na nyumba ilikuwa na kelele. Aliishi miaka sita baada ya hapo. Alizikwa na watu wa pande zote mbili, na waliotoka Mumias walijaza basi.

Nimestaafu sasa. Naishi Tononoka, karibu na viwanja, na makarani vijana huja kunitembelea na simu zao ambazo ndani yake mna majina ya watu wengi kuliko yote niliyoyaandika maishani. Huniuliza kazi ilikuwaje bila hizo. Huwaambia ilikuwa ya miguu na adabu. Huwaambia pia kwamba nilidhani mshtuko huisha kadiri mtu anavyozoea kazi, na haikuwa hivyo kwangu.

Kuna jambo moja ambalo sikulifikiria wakati ule, nimelifikiria hapa nyumbani, mikono haina kazi. Hati ya nyumba ile ya Mji wa Kale ilipitia mikononi mwangu mara nyingi. Mama yake Athmani alikuwa shahidi wa hati hiyo, na mahali pa saini aliweka dole gumba. Hakujua kusoma wala kuandika. Barua ile ya mistari mitatu ilikuwa na mwandiko mzuri, imamu wa Mumias aliusifu alipoikagua kwa ajili ya jalada letu, herufi zimenyooka, nukta ziko mahali pake. Basi palikuwa na mtu wa kumwandikia. Aliitwa nyumbani, akakaribishwa, akapewa kahawa, akakaa mkekani na wino wake. Alikuwa karani kama mimi. Mtoto wa miaka saba angeweza kuwa chumba cha pili, au ngazini, au ndiye aliyeleta kahawa yenyewe. Sijui kama yule mtu aliinua macho kumtazama. Najua aliandika alivyoambiwa, akakausha wino, akakunja karatasi vizuri, akaenda zake.